Kapemba Kando ya Bafu

Juma lililopita nilisimama nje ya kanisa letu kumngoja rafiki. Mafundi wanajenga ukuta mpya pale, na kwa muda mrefu wamekuwa wakimwaga mabaki ya chokaa chini ya ule wa zamani. Katika ufa mmoja wenye kivuli palikuwa pameota mmea mdogo, mfupi kuliko kidole, wa aina ambayo watu wanapita bila kuuona. Niliinama, nikachuma jani moja, nikaligeuza, nikaligandamiza juu ya mkono wangu na kulitoa. Sura yake nyeupe ikabaki kwenye ngozi, kila kijipande mahali pake. Rafiki yangu alinikuta nimekaa kwenye tofali, moyo unanienda mbio, akaniuliza kama nimepandwa na presha. Nikamwambia ni jua. Mtu mzima, mama wa watoto, anaogopa jani! Ningeanzia wapi kumweleza?

Ninyi rika langu mliokulia Kolwezi mnakumbuka kipindi kile mtu mmoja alipochimba choo uani kwake akakuta mawe ya kijani ya shaba, na kabla hatujapata muda wa kumpongeza, mtaa mzima ulikuwa umetobolewa. Watu walichimba jikoni. Walichimba chini ya vitanda. Ulikuwa ukienda kumsalimu mtu, anakukaribisha vizuri, kisha anakuonya usikanyage zulia, kwa sababu chini ya zulia hakuna sakafu tena. Mimi mwenyewe nilitumwa siku moja kuomba chumvi kwa Mama Ngoie, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Niliingia sebuleni, na pale kabati la vyombo lilipokuwa likikaa, kichwa cha mwanamume kilitoka ardhini na taa yake kipajini, kikaniambia, "Bonjour, mutoto." Nilikimbia mpaka nyumbani bila chumvi. Watu wazima walicheka, lakini niambieni, nani kati yenu angebaki kusimama?

Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, yenye ua mdogo, na nyuma kabisa bafu la mabati lisilo na paa. Baba alikuwa amefanya kazi Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, akirudi kwetu mara chache sana, mpaka kazi ilipokwisha akarudi moja kwa moja na sanduku lake. Hakuwa mtu mbaya, wala mlevi. Alikuwa mwanamume aliyezoea kuondoka alfajiri, na sasa alfajiri ilikuwa inamkuta hana pa kwenda. Alipoona majirani wanatoa magunia, sululu yake ya zamani ikaanza kumwita.

"Batu bote banachimba," alisema siku moja tukila bukari, ugali wetu. "Siye njo tutabakia kuangalia? Mi natoboa pale ku douche. Ile fasi iko na maji kila siku, udongo yake iko laini."

Mama hakuinua macho. "Toboa mu salon," akasema. "Toboa mu chumba. Kama unataka, toboa hata chini ya kitanda. Ku douche, hapana."

Baba alicheka. Alinikonyeza akasema mama yangu anapenda kuoga kuliko kula. Kesho yake alibeba sululu akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kwa sababu nilipenda kumwona akifanya kazi. Alipoinua mikono, mama alitoka jikoni bila kukimbia, akaingia bafuni, akajilaza chini kwenye tope la sabuni akiwa na nguo zake nzuri za kwenda sokoni. Alilala ubavu, magoti ameyakunja.

"Anza na miye," akasema.

Baba alibaki na sululu hewani. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akilala kwenye tope kwa hiari yake, na mama yangu ndiye mwanamke aliyekuwa akinichapa kwa doa moja la udongo kwenye soksi. Baba alishusha sululu taratibu akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ningejua. Wenye umri wangu huenda mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, na baba hakuelewa zaidi yangu.

Jioni walikubaliana jambo moja. Kulikuwa na mzee mmoja, Tata Kasongo, ambaye wachimbaji walimwita kabla ya kufungua shimo, kwa kuwa alisoma majani. Mnajua kazi hiyo: kuna ua dogo la zambarau linalopenda shaba, kuna nyasi zinazodumaa juu ya shaba, na kuna mimea ambayo ukiiona unafunga virago. Baba akasema, "Yeye akisema kuko kitu, nitachimba, hata ukilala pale na ndugu yako bote. Akisema hakuna, naacha kabisa." Tata Kasongo alikuwa upande wa Kasaji kwa jamaa zake, ilibidi tumsubiri arudi.

"Sawa," mama akajibu upesi. Upesi mno, nikifikiri sasa.

Mama alikuwa binti wa mchoma chokaa. Alikulia karibu na tanuru, miguu yake ilikuwa bado na alama za chokaa ya moto, na aliyajua mawe ya chokaa kama watu wengine wanavyojua mashamba yao. Asubuhi ya pili, baba alipotoka kutafuta kibarua, mama alichukua kikapu na kisu, akanishika mkono, tukapita barabara ya Kapata tukaiacha, tukaingia porini mpaka kwenye miamba ya kijivu iliyochongoka kama meno mabovu. Palikuwa na harufu ya popo na ya jiwe lenye unyevu. Mama akavua viatu.

"Angalia mizuri," akaniambia. "Hatutafute majani yoyote. Tunatafuta kapemba."

Hilo ndilo jina alilolijua tangu utotoni, kwa sababu ya pemba, ule udongo mweupe ambao bibi zetu walitupaka kwenye paji la uso wakitutakia heri. Nilikimbia huku na huko, na kwenye mfereji kando ya njia nikaona majani marefu, mazuri, meupe kwa chini. Nikayang'oa kwa furaha nikamletea. Mama aliyatupa.

"Ile inaotaka mu takataka ya usine," akasema, yaani uchafu wa kiwanda. "Ni kubwa, inapenda bichafu. Ukiipanda kwetu, Kasongo atajua kuko shaba, atachimba mpaka kesho. Uya hapa, uone yenye kweli."

Nikainama naye chini ya mwamba. Ilikuwa imejibana kwenye ufa, pasipo na udongo hata wa kujaza kijiko. Kapemba haina ua wala mbegu, ni ya ukoo wa kangaga. Kikonyo chake ni cheusi, chembamba, kinang'aa kama uzi wa kushonea viatu. Jani lake ni pembetatu, limekatwakatwa pembeni, kijani kizito kwa juu. Ukiligeuza unapata unga mweupe, mweupe kabisa, na kando yake mstari wa kahawia. Mama alichuma moja, akaligandamiza juu ya mkono wangu, akapuliza, akalitoa. Nilipoona picha yake kwenye ngozi yangu nilipiga kelele, popo wakatikisika huko ndani.

"Hii haiotake fasi ingine," mama akasema. "Ku chaux tu, ku mawe ya chokaa. Yenye kusoma akiiona, anajua chini yake hakuna kitu ya kuchimba."

Alizitoa moja moja pamoja na vipande vya jiwe zilivyoshikilia, akazifunga kwa kitambaa chenye maji. Akajaza kikapu mawe ya chokaa juu yake. Kurudi, alibeba kichwani mzigo ambao mwanamume angelalamika, na hakupumzika hata pale pa kununua maandazi.

Alizipanda kando ya bafu, kwa ndani na kwa nje. Alizika mawe nusu nusu ili yaonekane yamezaliwa pale, akaponda mengine akachanganya na udongo mwekundu, akatandaza ukoka wa zamani juu yake. Mkono wake ulikuwa na ustadi wa kutisha. Baba hakuona kitu. Mwanamume gani anaangalia vijani vya bafuni? Siku za kwanza kapemba zilijikunja zote, zikaonyesha migongo yao myeupe, na mama akawa hali, hanisemeshi. Tukazimwagia maji ya kuoshea, tukazimwagia tena, na asubuhi moja nikakuta zimejifungua. Mama alipiga magoti akazigusa kwa ncha ya kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Aksanti." Nilidhani anayashukuru majani.

Sasa, akili ya mtoto. Mama alikuwa ameniambia kwamba kapemba inasema hapa hakuna shaba. Mimi nilielewa kwamba inaiambia shaba yenyewe. Niliamini inaongea chini kwa chini, kwa mizizi, inaifukuza shaba, na shaba inabeba virago vyake inaondoka. Nilikuwa nikioga naegemeza sikio ardhini nisikie inavyosema. Kwa hiyo wachimbaji wa Mama Ngoie walipopata mshipa mnene karibu kabisa na ukuta wetu, wakaimba na kununua bia, mimi peke yangu mtaani nilijua umetoka wapi. Nilikimbia kwa mama. "Imekimbilia kwa Mama Ngoie!" Alipoelewa ninachosema alicheka mpaka akashika ukuta.

Tata Kasongo alikuja siku ya jua kali. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu na miguu mitupu, kwani alisema viatu vinamziba masikio. Alizunguka ua, akachuma nyasi akatafuna, akalamba jiwe akatema. Baba alimfuata nyuma mikono mgongoni, mpole kama mtu aliyeko hospitalini. Mama alikuwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, anasonga bukari, na mwiko wake ulikuwa ukigonga sufuria kuliko kawaida.

Wakafika bafuni. Tata Kasongo alichuchumaa. Akachuma kapemba moja, akaigeuza juani, akapitisha kidole kwenye kile kikonyo cheusi, halafu akafanya kama mama alivyofanya: akaigandamiza mkononi, akapuliza, akaitoa. Mwiko ukasimama.

"Papa Ilunga," akamwambia baba, "hapa usipoteze nguvu. Chaux inapita hapa chini. Angalia na majiwe yake."

"Lakini pale kwa Mama Ngoie, Tata..."

"Pale ni pale. Udongo inabadilikaka kama mutu. Jiwe inaweza kukudanganya, mutu atakudanganya. Hii majani, miye haijanidanganyaka hata siku moja."

Baba aliniangalia, akaangalia ukuta, akasema basi. Alimkaribisha mzee kwenye chakula, akala naye kwa adabu, lakini macho yake yalirudi tena na tena kwenye sululu. Nilimhurumia. Mama alimwongezea samaki bila kuombwa, na usiku huo nilimsikia akiimba akiosha vyombo. Nilifikiri mambo yamekwisha.

Ni mimi niliyesikia kwanza. Nilikuwa naoga jioni, maji yamekwisha kwenye ndoo, nimesimama najifuta, nikahisi kitu kwenye nyayo. Ngo. Ngo. Ngo. Mtu anagonga kutoka chini. Nikaenda kwa mama na povu masikioni, nikamwambia shaba inarudi, inabisha hodi. Safari hii hakucheka. Alisimama bafuni miguu mitupu, akasikiliza kwa nyayo zake, na uso wake ukawa wa kijivu. Akafunga kitenge vizuri akaenda kwa Mama Ngoie, nami nyuma yake.

"Batu yako banapita chini ya douche yangu?"

Mama Ngoie alikuwa mwanamke mwenye huruma, na siku hizo alikuwa na viatu vipya. Akamshika mama bega. "Mama Ilunga, mi nitafanya nini? Banafuata minerai, minerai haiulizake njia. Ku juu tuko na ukuta. Ku chini hakuna ukuta."

"Ubakataze. Nakuomba, ndugu yangu. Bazunguke."

"Nitabaambia," Mama Ngoie akajibu, kwa ile sauti ambayo watu wanamwambia mtoto tutaenda kesho.

Mama hakumwambia baba. Angemwambia, baba angejua kwamba chini yetu kuna shaba, na jani lililosema kweli kwa Tata Kasongo lingekuwa uongo. Alifungwa na ujanja wake mwenyewe. Alichobaki nacho ni kumwaga maji, kila siku, juu ya zile kapemba, na kuzitazama.

Mvua ilinyesha usiku kucha, ile mvua yetu ya kupiga mabati mpaka watu mnaongea kwa ishara. Asubuhi kukawa na jua. Nilichukua ndoo na sabuni nikaenda kuoga kabla ya shule, nikavuta mlango wa bati, nikainua mguu kuingia. Hapakuwa na chini. Sijui nilishikilia nini. Nadhani ni mlango wenyewe. Mbele yangu, mahali nilipokuwa nikisimama kila siku, palikuwa na shimo jekundu linalotoa mvuke, na ndoo yangu ikawa inashuka, inagonga, inagonga, mpaka nikaacha kuisikia.

Mama alikuja. Wengine wangenivuta mimi kwanza. Yeye alinipita. Alipiga magoti ukingoni akaingiza kichwa ndani ya shimo, akaita, lakini hakuita jina. Alitoa tu sauti. Baba alikuja akamshika kiuno asianguke, akimfokea, "Una nini, weye? Mutoto yako iko hapa! Muzima! Angalia!" Akanisukuma mbele yake nionekane. Mama hakugeuka.

Upande wa pili wa ukuta tulisikia makelele ya wachimbaji wakitoka mmoja mmoja, wakiitana, wakihakikisha kwamba wote wako. Wote walikuwako. Kisha kijana mmoja akaingia uani kwetu kupitia mlango wa mbele, udongo umemjaa mpaka kwenye kope, taa bado inawaka kipajini. Hakuwa na shati. Shati lake alikuwa amelitandika mikononi, na juu ya shati kulikuwa na chungu cha udongo, kidogo, kilichofungwa mdomo kwa kitambaa kilichooza.

"Mama," akasema. "Ilianguka na udongo. Hatukufungua. Kwetu pia banafanyaka hivi."

Mama aliinuka akakipokea kabla hajamaliza. Alikipokea kwa mikono miwili, mmoja chini, mmoja juu kwenye mdomo, akakiweka kifuani. Hapo nikajua. Msiniulize nilijuaje. Kuna tumbo nililolikumbuka, kubwa, nililokuwa nikiliegemea, halafu siku moja halikuwepo, na wanawake walikaa jikoni hawaongei, na mimi nikapelekwa kwa Mama Ngoie kula peremende. Nilikuwa naoga juu yake. Nilikuwa naimba juu yake, nakojoa nikiona uvivu wa kwenda choo. Na wazo lililonipiga, naliona mpaka leo, ni kwamba kapemba imemfukuza na yeye pamoja na shaba.

"Hii ni nini?" baba akauliza.

"Ulikuwa Kisenge," mama akasema.

"Nakuuliza, hii ni nini?"

"Ni mutoto yako. Mwanaume."

Baba alitazama chungu, akatazama shimo, akatazama sululu yake ukutani. Nyumbani mwetu hapakuwa na mtoto wa kiume, na watu walimtania kwa hilo sokoni.

"Uliniambia mimba iliharibika. Ulisema damu tu."

"Njo vile banaume banaambiwaka. Alikuwa amefika, Ilunga. Na makucha yake, na nywele. Hakulia tu. Bamama balimuzika usiku ku maji, karibu na miye, tumbo yangu isikauke. Mwanaume hajuake fasi. Sikukuwa na ruhusa ya kukuambia."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akiyumba kidogo kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama tunavyoyumba tukiwa na mtoto. Yule kijana alikuwa bado amesimama, kifua wazi, hajui aende au abaki. Baba akanyoosha mikono. Mama alisita, kisha akampa. Baba alikipima chungu, akakaa chini kwenye tope.

"Ni muzito," akasema. "Ni muzito, ee Mungu."

Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akilia, wala sijasikia tena mwanamume akilia hivyo, kwa sauti ya matanga, mbele ya Mama Ngoie na wachimbaji wote waliokuwa wanachungulia juu ya ukuta. Mama alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza! Mwenye hakulia, habamuliliake! Nyamaza, utafunga tumbo yangu!"

Baba akaendelea kulia ndani ya kiganja chake. Mama akakandamiza zaidi, anatazama pembeni, meno ameyauma. Halafu mkono wake ukateleza taratibu kwenye kidevu cha baba, ukaangukia juu ya chungu, na mama naye akafungua kinywa, akalia.